Je, wajua kwa nini kadi nzima ya grafiki hukataa kuwaka kwenye kompyuta ya zamani?

Kompyuta nyingi za mezani zinazotumika Mombasa, kwenye saiba, ofisi ndogo na studio za picha za harusi, ni za ex-UK, yaani mitumba kutoka Uingereza: Dell OptiPlex, HP Compaq, Lenovo ThinkCentre, nyingi zimetengenezwa takriban mwaka 2011 hadi 2014. Ni mashine madhubuti. Ukiiongezea RAM, diski ya SSD na kadi ya grafiki (ile inayotengeneza picha ya skrini) inayoifaa, bado itahariri video na kucheza michezo mingi bila kukwama. Tatizo ni hilo neno "inayoifaa". Mtu hununua kadi kwa sifa zake, akaichomeka, skrini ikabaki nyeusi au mashine ikawa inajizima kila mchezo unapoanza kupakia. Anairudisha dukani akisema ni mbovu, na dukani inawaka.

Kadi ilikuwa nzima tangu mwanzo, ila mashine haikuulizwa. Kwenye kompyuta ya zamani, kinachoamua ni umeme uliopo, nafasi ndani ya kasha, na sloti yenyewe, yaani tundu la bodi kuu linalopokea kadi. Nguvu ya kadi huja baadaye. Kwa hivyo kabla hujatoa pesa, zima mashine, chomoa waya wa umeme, fungua ubavu wa kasha na uisome.

Anza na kibandiko cha pawa saplai, kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kasha. Sloti ndefu ya PCI Express x16, ambayo ndiyo makao ya kadi ya grafiki, imekadiriwa kutoa wati 75 tu. Kadi inayotaka zaidi ya hapo lazima iwe na waya wake kutoka pawa saplai: wa pini 6 huongeza wati 75, wa pini 8 huongeza wati 150. Mashine za ofisini karibu zote hazina nyaya hizo, kwa sababu hazikutengenezewa kadi kubwa. Wati 75 basi ndiyo dari yako, na baadhi ya mashine ndogo huwekewa kikomo cha chini zaidi na mtengenezaji. Kikomo hicho huandikwa kwenye kijitabu cha modeli, ambacho hupatikana bure kwenye tovuti ya mtengenezaji.

Tuchukue OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, yenye prosesa i5-3470. Ile ndogo, SFF, ina pawa saplai ya wati 240. Ile ya mnara, MT, ina ya wati 275. Lakini usiishie kwenye jumla hiyo. Prosesa na kadi hula kwenye mstari wa +12V, yaani umeme wa volti 12 wa pawa saplai, kwa hivyo tafuta ampea zilizoandikwa hapo uzizidishe mara 12. Ikiwa ni ampea 16, una wati 192. Prosesa hiyo imekadiriwa wati 77. Bodi, RAM, diski na feni zikadirie wati 40 hadi 50. Ukiongeza kadi ya wati 75, umefika karibu 200, na hiyo pawa saplai imeshafanya kazi zaidi ya miaka kumi, na kapasita zake zimechakazwa na joto. Mashine itawaka, itafungua Windows vizuri, kisha itajizima ghafla kadi ikianza kufanya kazi kwa bidii. Ndiyo maana kwa SFF kadi ya wati 30 hadi 50 ni uamuzi wa busara kuliko ile inayogusa dari.

Hapa kuna jambo linaloharibu mashine za watu kila leo. Ukikosa waya wa pini 6, utauziwa adapta inayogeuza plagi ya SATA, ile ya diski, kuwa pini 6. Usiinunue. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja imekadiriwa ampea 1.5: jumla ampea 4.5, yaani wati 54. Kadi inaamini imepewa wati 75 na itavuta inavyotaka. Plastiki huanza kulainika, kisha hunuka, kisha huungua. Ikiwa kwa kweli unahitaji kadi kubwa, badilisha pawa saplai nzima, na kabla ya hapo hesabu pini za plagi kuu kwenye bodi. OptiPlex 7010 MT hutumia pini 24 za kawaida. OptiPlex 7020 na 9020 zina plagi ya Dell ya pini 8, na baadhi ya mashine za HP zina yao ya pini 6, hivyo pawa saplai ya kawaida haiingii bila adapta maalumu ya modeli hiyo.

Baada ya umeme, chukua rula. Kadi ya kimo cha kawaida ina bati la nyuma la takriban sentimita 12. Kadi fupi, ile iitwayo low profile, ina la sentimita 8 hivi. SFF hupokea fupi tu. Kadi nyingi fupi zilitoka kiwandani na mabati mawili kwenye boksi, refu na fupi, lakini kadi ya mtumba mara nyingi hufika imefungwa bati refu na lile fupi limepotea njiani. Mwambie muuzaji akuonyeshe bati fupi kabla hujalipa, kwa sababu bila hilo kadi itaning'inia kwenye sloti, na kila ukigusa waya wa skrini itacheza.

Pima pia unene. Kadi yenye feni kubwa hukalia nafasi mbili. Kwenye SFF kadhaa, sloti ya x16 imebanwa na pawa saplai ubavuni, na nafasi ya pili haipo. Kadi ndogo za GTX 1050 Ti na GTX 1650 hukwama hapo: zote ni za wati 75, zipo zenye kimo kifupi, lakini kwa kawaida ni nene. Na upande wa mbele, angalia kama kizimba cha diski hakitagongana na mkia wa kadi.

Je, sloti ya zamani hupokea kadi mpya? Ndiyo, PCI Express ya matoleo tofauti huelewana. Kinachobadilika ni kasi. Prosesa za Intel za kizazi cha pili, kama i5-2400, zina toleo la 2.0, za kizazi cha tatu zina 3.0 zikiwa kwenye bodi ya rika lao. Data hupita kati ya kadi na bodi kwa njia kadhaa sambamba; kila njia ya 3.0 hupitisha takriban gigabaiti 1 kwa sekunde, na ya 2.0 nusu yake. Kadi ya njia 16 haitaumia sana. Lakini AMD Radeon RX 6400 ya mwaka 2022, ambayo kwa wati 53 na umbo fupi inaonekana kama imeumbiwa mashine hizi, ina njia 4 tu na ilikusudiwa toleo la 4.0. Kwenye i5-2400 inabaki na gigabaiti 2 kwa sekunde, na kumbukumbu yake ya gigabaiti 4 ikijaa, picha huanza kukatika. Isitoshe, haina sehemu ya kusimba video, yaani kuibana iwe faili, kwa hivyo haimsaidii mhariri wakati wa kutoa filamu ya harusi ya saa mbili. Intel Arc A380 nayo hudhoofika vibaya bila Resizable BAR, uwezo wa prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mkupuo, ambao mashine hizi hazina. Iache.

Kwa SFF, kadi zinazofaa zaidi ni zile zilizotengenezewa ofisi za wachoraji ramani: Nvidia Quadro P620 ya wati 40, P1000 ya wati 47 yenye gigabaiti 4, au zilizofuata, T400 ya wati 30 na T600 ya wati 40. Zote ni fupi, nyembamba, hazitaki waya wa ziada, na zina sehemu ya kusimba video. Kwa mashine ya mnara, GTX 1650 isiyo na plagi ya pini 6 ndiyo ya kutafuta. Iangalie kwa macho, maana zipo zenye plagi na zisizo nayo chini ya jina hilohilo.

GT 1030 ni ya bei nafuu na hula wati 30, lakini ina mtego. Ilitoka mwaka 2017 na kumbukumbu ya GDDR5, kisha mwaka 2018 ikaja nyingine ya DDR4 kwa jina lilelile. Ya kwanza husafirisha gigabaiti 48 kwa sekunde, ya pili 16.8. Ni kama barabara ya njia tatu iliyobakishwa moja. Uliza waziwazi: "Kaka, hii ni GDDR5 ama DDR4?" Akisema zote ni sawa, fungua GPU-Z, programu inayosoma sifa za kadi, usome mstari wa Memory Type. Kumbuka pia GT 1030 haina sehemu ya kusimba video.

GPU-Z hiyohiyo hufichua kadi bandia. Kuna kadi za zamani za miaka ya 2010 na 2011 zilizobadilishwa jina ndani ili zijiite GTX 1050 Ti, na Windows husadiki. Tangu toleo la 2.12, programu huzitambua nyingi na kuandika FAKE mbele ya jina. Programu ni ndogo, inaingia kwenye flashi; omba kadi iwashwe dukani uiendeshe.

Umri wa draiva, programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi, nao una uzito. Nvidia ilisitisha masasisho ya kawaida ya kadi za rika la GTX 900 na 1000, pamoja na Quadro P, mwezi Oktoba 2025, na imebakisha marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2028. Tofauti ya bei kati ya P620 na T400 ikiwa ndogo, chukua T400, ambayo haimo kwenye kundi hilo.

Kisha skrini. Skrini nyingi zilizokuja na mashine hizi zina VGA, ile plagi ya zamani ya pini 15, na kadi tulizotaja hazitoi VGA. Quadro na T hutoa picha kwa tundu la DisplayPort ndogo. Utahitaji adapta yenye saketi ndani, ile inayogeuza mawimbi kweli. Kipande kinachounganisha pini tupu hakitaleta picha. Na ukishachomeka kadi, hamisha waya wa skrini uuchomeke kwenye kadi yenyewe. Kuuacha kwenye tundu la zamani la bodi ndiyo sababu ya kwanza ya "skrini nyeusi", kwa kuwa mashine nyingi huzima grafiki ya ndani zikiona kadi.

Kabla ya kufunga kadi, sasisha BIOS, programu ya bodi inayoamsha mashine, ukiwa bado unaona picha, hasa kwa mashine za 2011 ambazo wakati mwingine hukataa kadi mpya. Fanya kazi hiyo mashine ikiwa kwenye UPS, ile betri ya akiba: umeme ukikatika katikati, bodi inakufa.

Hewa yetu ya chumvi huacha utando kwenye shaba, na ukikaa Mji wa Kale au Likoni karibu na maji utauona wazi kwenye sloti ambayo haijatumika miaka mingi. Puliza vumbi, sugua meno ya kadi taratibu kwa kifutio cheupe, kisha pangusa kwa spiriti ya isopropili. Zima, chomoa, bonyeza swichi ya kuwashia sekunde kumi kumaliza chaji, gusa chuma cha kasha, sukuma kadi wima hadi kilachi, kishikizo cha sloti, kilie "tik", kaza skrubu.

Usichukue kadi isiyo na feni. Wakati wa kaskazi, chumba kikiwa na joto la nyuzi 32, ndani ya kasha dogo ni zaidi, na bati tupu halipozi. Endesha mchezo au utoaji wa video nusu saa huku GPU-Z ikionyesha joto. Ikitulia chini ya nyuzi 80, ni vyema. Ikipanda hadi 83 na kasi ikaanza kushuka, badilisha pesti ya kupozea chini ya bati la kadi, kwani ya kiwandani huwa imekauka, na geuza mnara ili matundu ya nyuma yasitazame ukuta.