Nani hupanga bei ya mtandaoni?

Tafuta spika au begi la chapa ghali katika maduka ya mtandaoni ya Marekani: mara nyingi bei ni ileile kila duka, mpaka senti.

Dhana: Wenye maduka wamekula njama.

Ukweli: Mara nyingi bei hiyo imetoka kwa mtengenezaji, aliyewawekea wauzaji kiwango ambacho hawaruhusiwi kutangaza chini yake. Kinachobanwa ni tangazo. Ndiyo maana baadhi ya maduka huandika "weka kwenye kikapu uone bei", na humo kikapuni bei hushuka.

Dhana: Mtengenezaji anatafuta faida zaidi kwa kila begi.

Ukweli: Yeye keshauza kwa bei ya jumla, duka likipunguza bei, linajikata lenyewe. Hofu yake iko kwingine. Duka la mtaani linalipa kodi ya pango, mhudumu anayeijua bidhaa na chumba cha kusikilizia spika. Mteja huja, husikiliza, huuliza maswali nusu saa, kisha hutoa simu na kuagiza kwa muuzaji asiye na hata rafu. Duka likichoka kufanya kazi ya bure huacha kuagiza bidhaa hiyo, na chapa hukosa mahali pa kuonekana. Tena kuna hadhi: begi linalopigiwa debe la punguzo kila wiki nani atalionea fahari?

Sababu hizi zina mashiko, ila kampuni huzieleza bila kumtaja anayelipa. Mwaka 2000 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilizibana kampuni tano kubwa za muziki ziache masharti ya namna hiyo kwenye CD. Ilikadiria kuwa huenda wanunuzi walilipa hadi dola milioni 480 zaidi katika miaka mitatu.

Dhana: Bidhaa ni yao, sheria haiwahusu.

Ukweli: Inategemea nchi. Marekani imelegeza. Kampuni ya Leegin, yenye chapa ya Brighton ya mikanda na mikoba, ililinyima bidhaa duka moja la Texas lililopunguza bei kwa asilimia 20. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilifuta marufuku ya tangu 1911 dhidi ya kumpangia muuzaji bei ya chini kabisa ya kuuzia, si ya kutangaza tu, ikataka kila kesi ipimwe peke yake. Ulaya haitaki mchezo: mwaka 2018 kampuni ya mavazi ya Guess ilitozwa faini ya karibu euro milioni 40, kosa mojawapo likiwa kuwanyima wauzaji uhuru wa kupanga bei. Uingereza iliitoza Fender pauni milioni 4.5 mwaka 2020 kwa kuzuia punguzo la magitaa mtandaoni. Kenya nayo, kwa Sheria ya Ushindani ya 2010, inakataza kumpangia muuzaji bei ya chini kabisa ya kuuzia.