Je, wajua? Profesa aliyetetea dunia bapa huku akijua si kweli

Waswahili husema "dunia duara". Lakini hata chapati ni duara, na kuna profesa mmoja ambaye angelipenda sana jibu hilo.

Huyo ni Leo Ferrari, mzaliwa wa Australia aliyefundisha falsafa katika Chuo Kikuu cha St. Thomas mjini Fredericton, nchini Kanada. Mwaka 1970 yeye, mshairi Alden Nowlan na mwandishi Raymond Fraser waliunda chama cha kutetea kwamba dunia ni bapa. Ferrari akawa rais wake. Alidai hata kwamba nusura aanguke kutoka ukingoni mwa dunia, pale kwenye jabali la Brimstone Head katika kisiwa cha Fogo, Newfoundland.

Je, aliyaamini hayo? Hata kidogo. Ulikuwa utani, ila utani wenye ndoano ndani yake.

Jiulize: unajuaje kwamba dunia ni tufe kama mpira? Wengi tutajibu, "Tulifundishwa shuleni," au "Nimeona picha zake." Majibu yote mawili ni kupokea neno la mtu mwingine. Chama cha Ferrari kilisema kinataka kumrudishia binadamu imani katika yale anayoyaona mwenyewe, maana amezoea kumeza anachoambiwa na wataalamu. Ukichungulia dirishani unaona tambarare, basi leta ushahidi wako! Hapo ndipo msomi mzima huanza kubabaika, na nadhani Ferrari alikifurahia sana kigugumizi hicho.

Raha ni kwamba ushahidi upo, na hauhitaji roketi. Simama ufukweni, maji yakigusa vidole. Upeo wa macho uko kama kilomita 5 tu kutoka ulipo. Jahazi likiwa umbali wa kilomita 10, karibu mita 2 za chini zimeshafichwa na mkunjo wa bahari. Unaona tanga, chombo chenyewe huoni. Au tazama Mwezi unapopatwa, kama ulivyopatwa usiku wa Septemba 7, 2025 na kuonekana Afrika Mashariki. Kivuli cha dunia juu yake huwa na ukingo wa mviringo kila mara. Sahani ingetoa kivuli chembamba kama ufito pale inapomulikwa kwa ubavu. Tufe pekee ndilo lenye kivuli cha mviringo kutoka kila upande. Aristotle aliitumia hoja hiyo zaidi ya miaka 2,300 iliyopita.

Ferrari hakuwa mgeni wa mijadala hiyo ya kale. Alikuwa mtaalamu wa Mtakatifu Augustino, ambaye katika karne ya 5 alikataa kwamba kuna watu wanaoishi upande wa pili wa dunia, nyayo zao zikielekeana na zetu. Na Ferrari mwenyewe alitoka Australia!

Asichanganywe na Samuel Shenton, Mwingereza wa Dover aliyeanzisha chama chake mwaka 1956. Huyo aliamini kwa dhati, na picha zilizopigwa kutoka angani hazikumtikisa.

Ferrari alifariki mwaka 2010. Kule Fogo utani wake umebaki: wenyeji bado huwaambia wageni kwamba Brimstone Head ni mojawapo ya pembe nne za dunia, na watalii hupanda hadi kileleni kuhakikisha.