Ufadhili wa mwanafunzi kwenye kongamano la mekanobayolojia: unalipia nini hasa?

Watu wakisikia kongamano la sayansi limefadhili wanafunzi wanawaza tiketi ya ndege, basi. Tiketi imo kweli, lakini mtu anaweza kulipiwa nauli akafika, akakaa kiti cha nyuma siku zote na akarudi hajaongea na yeyote, sasa huyo kahudhuria tu, hajashiriki. Ufadhili wa maana unalipia kushiriki.

Kwanza mekanobayolojia yenyewe. Inachunguza jinsi seli zinavyohisi nguvu, yaani kuvutwa, kubanwa, kusuguliwa na damu inayopita, na jinsi zinavyobadilika kwa sababu hiyo. Ndo maana wanaanga wakikaa miezi angani mifupa yao inapungua, hakuna mzigo wa kuistua. Mwaka 2006 Adam Engler, Dennis Discher na wenzao walichapisha jaribio moja tamu sana: walichukua seli shina za uboho (seli ambazo bado zinaweza kugeuka aina mbalimbali za seli) wakaziweka juu ya jeli zenye ugumu tofauti, zile za kwenye jeli laini kama ubongo zikaanza kufanana na seli za neva, za ugumu wa kati zikaelekea msuli, na za jeli ngumu zaidi zikaelekea mfupa. Chakula cha seli kilikuwa kilekile! Halafu kuna Ardem Patapoutian, aliyepata Nobel ya 2021 pamoja na David Julius. Timu yake ilikuwa na seli inayotoa umeme kidogo ukiidunga kwa kijisindano, wakaorodhesha jeni 72 za kushukiwa, wakawa wanazima moja moja mpaka wakafika kwenye jeni ambayo ukiizima seli haisikii tena kudungwa. Hiyo ndo Piezo1.

Sasa angalia kazi kama hizo zinataka nani. Jeli inataka mtu wa kemia, kupima nguvu ni fizikia, seli ni bayolojia, picha za hadubini zinataka anayejua kuandika programu. Mwanafunzi wa PhD kwa kawaida kaiva kwenye moja tu kati ya hayo, na chuoni wale wengine wako majengo mengine kabisa, pengine hata hawamjui. Kwenye kongamano wanasimama mbele ya bango lake, lile karatasi kubwa la ukutani linaloeleza utafiti wake, saa nzima wanamuuliza "jeli yako uliipimaje ugumu?" na hapo anaweza kujifunza kitu ambacho msimamizi wake mwenyewe hakijui.

Kwa hiyo waandaaji wanaojua kazi yao wanaondoa ada ya usajili au kuipunguza, wanalipia nauli na malazi, wanampa mwanafunzi nafasi ya bango au dakika chache za kuongea jukwaani, na wengine wanaweka utaratibu kwamba swali la kwanza baada ya kila mada liulizwe na mwanafunzi (hili mi nalipenda kuliko zawadi ya bango bora). Hela inatoka kwa vyama vya kisayansi, makampuni ya vifaa vya maabara, au mashirika ya serikali kama NSF ya Marekani (shirika linalofadhili utafiti wa sayansi), ambayo kwenye bajeti hela ya washiriki ina fungu lake na huruhusiwi kuihamishia matumizi mengine bila kibali chao.

Kuchaguliwa mara nyingi ni kwa ikisiri ya utafiti wako, barua fupi ya kujieleza na barua ya msimamizi.

Panapouma ni malipo. Ufadhili mwingi ni wa kurudishiwa, yaani unanunua tiketi na kulipa hoteli kwa hela yako, unatunza risiti, unasubiri wiki au miezi ndo hela iingie. Kwa profesa sawa, kwa mwanafunzi asiye na akiba wala kadi ya benki yenye mkopo huo sio ufadhili, ni kumwambia akakope. Viza nayo ni hivyohivyo, majibu ya ufadhili yakitoka wiki tatu kabla ya kongamano anayehitaji viza ndo ameshaachwa hapo hata kama jina lake liko juu ya orodha. Ukiomba, waulize mapema kama wanaweza kununua tiketi wao na kulipa hoteli moja kwa moja, na barua ya mwaliko wataitoa lini. Wengi wanaweza, ila hawasemi mpaka uulize.