Mtoto hana makaratasi na anataka chuo binafsi Marekani: uliza wamemweka kapu gani

Kila msimu wa maombi, wazazi wa Afrika Mashariki wanaoishi Marekani huuliza swali moja: mtoto hana makaratasi, chuo kitamchukua? Kinaweza kumchukua. Hakuna sheria ya serikali kuu inayokataza chuo kumdahili mwanafunzi kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji. Alabama na South Carolina zimefunga milango ya vyuo vya umma, na Georgia imefunga ile ya vyuo vyake vya umma vyenye ushindani mkali, lakini makatazo hayo hayavigusi vyuo binafsi. Emory, chuo binafsi kilichopo Atlanta hapo hapo Georgia, kilianza mwaka 2015 kuwapa msaada wa fedha wanafunzi wenye DACA, yaani kinga ya muda ya kutofukuzwa nchini kwa walioletwa wakiwa watoto.

Kwa hiyo kikwazo ni ada. Na ada itapungua kiasi gani hutegemea kapu ambalo chuo kimemtia mtoto wako: la wanafunzi wa ndani au la wanafunzi wa kigeni. Mtoto amesoma Houston tangu darasa la pili, lakini kuna vyuo ambavyo bado vitamhesabu sawa na anayeomba akiwa Arusha. Katika kapu la kigeni, vyuo vingi huangalia kwanza uwezo wa mzazi, na anayehitaji msaada mkubwa anaweza kukataliwa kwa sababu hiyo tu. Katika kapu la ndani, vyuo kadhaa vyenye uwezo hudahili bila kuangalia mfuko wa mzazi, kisha hujaza pengo lote kati ya gharama na uwezo wa familia. Pomona, Swarthmore na Tufts huwaweka kapu la ndani wasio na makaratasi waliosoma sekondari Marekani. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst hawaangalii mfuko wa mwombaji yeyote, wa ndani wala wa nje, kwa hiyo kapu halina uzito sana kwao. Vingine vyote, usikisie. Piga simu ofisi ya udahili bila kutaja jina, uliza: "Mhitimu wa sekondari ya hapa asiye na hadhi ya uhamiaji mnamhesabu wa ndani au wa kigeni? Mnaangalia uwezo wake wa kulipa? Mnajaza hitaji lake lote?" Jibu la swali la kwanza peke yake halitoshi.

Tuchukue mfano wa hesabu. Chuo kinagharimu dola 88,000 kwa mwaka, na familia imepimwa kuwa inaweza kutoa 3,000. Pengo ni 85,000. Kwa raia, ofisi ya misaada hulijaza kwa vipande: ruzuku ya serikali iitwayo Pell Grant hadi 7,395, mkopo wa serikali 5,500 kwa mwaka wa kwanza, kazi za chuoni tuseme 2,500, halafu ruzuku ya chuo chenyewe 69,605. Asiye na makaratasi hapati vile vitatu vya mwanzo, kwa sababu vyote vina fedha za serikali kuu. Chuo kisipoviziba kwa fedha zake, familia inabaki na 15,395 kila mwaka, yaani zaidi ya 61,000 kwa miaka minne. Barua ya msaada inaweza kuonekana nono na bado ikawa na shimo hilo. Soma kila mstari. Ukiona "kazi za mwanafunzi" au "mchango wa kiangazi" (pesa anazotarajiwa kuchuma wakati wa likizo) kwa mtoto asiye na kibali cha kazi, andikia ofisi ya misaada uombe kiasi hicho kigeuzwe ruzuku. Vyuo vinavyoelewa hufanya hivyo, lakini mara nyingi mpaka viombwe. Uliza pia kama bima ya afya ya chuo imeingizwa kwenye hesabu.

Wengi hujibu kwamba DACA italeta kibali cha kazi. DACA inadai uwe umekaa Marekani mfululizo tangu 15 Juni 2007, na wengi wanaomaliza sekondari sasa walikuwa hawajazaliwa au hawajafika siku hiyo. Panga bajeti bila DACA.

Fomu ya FAFSA ni ya fedha za serikali kuu, haimhusu mtoto huyu. Kuwa na namba ya Social Security hakubadilishi kitu: anayesubiri uamuzi wa hifadhi anaweza kuwa nayo kupitia kibali cha kazi, na bado hastahili. Lakini familia nyingine hujinyima bure. Kijana wa Kikongo aliyeletwa kama mkimbizi ana makaratasi, ajaze FAFSA. Mtoto aliyezaliwa Marekani na wazazi wasio na hadhi ni raia, naye anastahili. Kwa kuwa wazazi wake watatakiwa kuweka taarifa zao humo, waongee kwanza na wakili wa uhamiaji.

Fomu ya mtoto asiye na makaratasi, kwenye vyuo binafsi vingi vyenye uwezo, ni CSS Profile ya College Board. Hufunguliwa tarehe 1 Oktoba, haidai namba ya Social Security, na gharama yake ni dola 25 kwa chuo cha kwanza na 16 kwa kila kinachofuata. Familia yenye kipato cha hadi dola 100,000 husamehewa. Hapa ndipo maombi ya watu wetu hukwama, na sababu karibu zote zinajulikana. Mzazi analea wazee au anafanya usafi, analipwa taslimu, hana fomu ya mshahara ya mwajiri (W-2) wala ripoti ya kodi. Asiache wazi: aandike barua yenye kila kazi, kiasi cha kila mwezi na jumla ya mwaka, aitie saini. Mzazi mwingine yuko Kisumu au Tanga na hana mawasiliano, nacho chuo kinadai fomu yake. Omba msamaha wa mzazi asiyeishi na mtoto, ukiambatanisha barua ya mwalimu au mchungaji anayeijua familia. Kiwanja au nyumba ya nyumbani Afrika ni mali, itajwe kwa thamani yake halisi. Na pesa zinazotumwa kila mwezi kwa bibi na karo za wadogo? Zieleze kwenye sehemu ya mazingira maalumu kwa tarakimu. Ofisi haiwezi kuzikisia. Usikimbilie kuomba ITIN, namba ya kodi ya asiye na Social Security, kwa ajili ya chuo tu: mamlaka ya kodi, IRS, na ICE, idara inayokamata na kufukuza wahamiaji, zilisaini makubaliano ya kupeana taarifa Aprili 2025, nayo yakafikishwa mahakamani. Wakili kwanza.

Makosa mawili hayarekebishiki kirahisi. La kwanza ni kujiandika raia, kwenye fomu ya chuo, ya mkopo au ya kujiandikisha kupiga kura inayogawiwa chuoni wiki ya kwanza. Kudai uraia wa uongo kunaweza kumfungia mtu njia ya uhamiaji maisha yake yote. La pili huanzia chuoni kwenyewe: ofisi ikimwona wa kigeni humtumia maelekezo ya I-20, fomu ya chuo ya kuombea viza, na kumwambia akachukue viza ya mwanafunzi ya F-1 ubalozi wa Marekani nje ya nchi. Asiende. Kwa sheria ya 1996, aliyekaa bila hadhi zaidi ya siku 180 baada ya kutimiza miaka 18, akitoka nchini hufungiwa kurudi miaka 3. Akifikisha mwaka mmoja au zaidi, ni miaka 10. Mwanafunzi asiye na makaratasi hahitaji I-20 ili asome.

Fedha za jimbo husahaulika sana. California, New York, Illinois, New Jersey na Washington zina maombi yao kwa wasio na hadhi wanaotimiza masharti ya kusoma sekondari huko, na ruzuku hizo, kama Cal Grant na TAP ya New York, hutumika pia kwenye vyuo binafsi ndani ya jimbo. Tarehe ya mwisho ya California kwa kawaida ni mwanzoni mwa Machi, kabla barua nyingi za udahili hazijatoka, kwa hiyo jaza bila kusubiri jibu la chuo.

Kwa kijana mwenye alama za juu na kipato kidogo, QuestBridge, mpango unaowaunganisha vijana kama hao na vyuo vyenye ufadhili, ni ya kuanza nayo: haina ada, iko wazi kwa anayesoma sekondari Marekani bila kujali uraia, na hufungwa mwishoni mwa Septemba. Unapanga hadi vyuo 15 kwa mpangilio wa kupenda. Kila chuo mshirika kina kanuni yake kwa wasio na makaratasi, kwa hiyo ile simu ya maswali matatu ipigwe kabla ya kupanga orodha.