Misitu ya Mawingu: Maji Ambayo Kipimamvua Hakiyaoni

Weka kipimamvua kwenye uwazi mlimani, siku ambayo ukungu umetanda tangu alfajiri bila mvua kunyesha. Jioni unaweza kukikuta kikavu. Weka kingine chini ya mti, hatua chache kutoka hapo, nacho kitakuwa na maji. Mti wenyewe umekamua wingu na kuyadondosha maji yake chini.

Kazi hiyo ndiyo inayoitenga misitu ya mawingu na misitu mingine ya tropiki, na ndiyo inayofanya uhai wake utegemee jambo moja ambalo watu hawalitazami sana: wingu linaanzia kimo gani.

Upepo wenye unyevu ukikutana na mlima hauna budi kupanda. Juu, mgandamizo wa hewa ni mdogo, kwa hiyo hewa inayopanda hutanuka, na kutanuka huko huipoza kwa takriban nyuzi joto 1 ya Selsiasi kwa kila meta 100. Hewa iliyopoa haiwezi kubeba mvuke mwingi. Hufika mahali mvuke ukazidi, ukashika chembe za vumbi na chumvi zinazoelea, ukawa matone. Hapo ndipo kilipo kitako cha wingu. Pale ambapo kitako hicho hugusa mteremko karibu kila siku, msitu wa mawingu huota.

Kwa hiyo kimo chake hakifanani duniani kote. Mingi iko kati ya meta 1,000 na 3,000 juu ya usawa wa bahari. Kwenye safu kubwa kama Andes ya Amerika Kusini hupanda zaidi ya hapo, kwa kuwa mlima mkubwa hupashwa na jua na kuipasha hewa inayouzunguka, hivyo wingu hujifanya juu zaidi. Kwenye visiwa vidogo vilivyozungukwa na bahari yenye unyevu, msitu wa aina hiyo hiyo unaweza kuanzia meta 500 tu.

Turudi kwenye kukamua. Tone la ukungu lina upana wa takriban milimita 0.01 hadi 0.02, na hukusanyika yapata milioni moja ya matone hayo kupata tone moja la mvua. Kwa udogo huo halianguki. Huelea na upepo na litavuka mlima lende zake, isipokuwa ligongane na kitu. Na si kitu chochote. Hewa inayolikaribia jani pana hupinda na kulikwepa, ikiondoka na matone yake. Kwenye uzi, unywele au ncha nyembamba ya jani, tone halipati nafasi ya kukwepa, hunaswa. Ndiyo sababu mti uliovikwa ndevu za kuvumwani (vimea laini vinavyofunika magome na matawi) na makangaga membamba hukusanya maji mengi kuliko mti wa kimo kile kile uliosafishwa matawi.

Katika misitu mingi maji yanayonaswa hivi huongeza asilimia 5 hadi 20 juu ya mvua ya mwaka. Kwenye migongo ya milima inayokabili upepo kiwango hicho hupitwa, na wakati wa kiangazi mchango wake huwa mkubwa zaidi, maana mvua imekatika ilhali wingu bado linakuja. Zaidi ya hapo, hewa iliyojaa mvuke na mwanga hafifu hufanya majani yasipoteze maji mengi. Msitu unapokea zaidi na kutumia kidogo. Kinachobaki hushuka vijitoni. Tegucigalpa, mji mkuu wa Honduras, hupata sehemu ya maji yake kutoka msitu wa mawingu wa La Tigra, ambao mwaka 1980 ulifanywa hifadhi ya taifa ya kwanza ya nchi hiyo.

Hapa niweke angalizo. Husemwa sana kwamba misitu hii ni sifongo linalonyonya mvua za masika na kuziachia polepole wakati wa kiangazi. Mimi nakubali nusu tu. Udongo wake aghalabu umelowa chepechepe mwaka mzima, na sifongo lililojaa halipokei zaidi. Dhoruba kubwa ikija, maji hushuka kwa kasi kama kwingineko. Thamani yake hasa iko katika yale maji ya kiangazi ambayo hayakuwahi kuwa mvua. Ukifyeka miti ukaacha malisho, wingu litapita pale pale kila siku, lakini hakutakuwa na kitu cha kulizuia.

Ndani ya msitu wenyewe, mgeni hushangaa kukuta miti mifupi. Maji yapo tele, lakini miti imejipinda, vigogo vina vifundo, majani ni madogo na magumu, na karibu na kilele miti hukaribia kimo cha mtu. Upepo una sehemu yake, na kiza cha ukungu hupunguza mwanga. Ila kikwazo kikubwa kiko chini. Udongo uliojaa maji hukosa hewa, viumbe vinavyoozesha majani makavu hufanya kazi polepole, na nitrojeni hubaki imefungwa ndani ya mboji chachu ambako mizizi haiifikii kwa urahisi.

Matawini hali ni tofauti kabisa. Okidi, makangaga, kuvumwani na vimea vidogo visivyo na maua huota juu ya miti bila kuinyonya, huitwa epifaiti. Chakula chao huja na vumbi, mvua na ukungu wenyewe. Vikifa huoza papo hapo tawini, na baada ya miaka mingi huacha udongo halisi, wakati mwingine wenye unene wa sentimeta 20 au zaidi, ukiwa na minyoo na wadudu wake, mita nyingi kutoka ardhini. Mwaka 1981 mwanaikolojia Nalini Nadkarni alionyesha kwamba baadhi ya miti huchomoza mizizi kutoka kwenye matawi yake yenyewe na kuipenyeza ndani ya udongo huo wa juu. Mti unaokosa lishe chini huifuata matawini, kwenye bustani iliyoota mgongoni mwake. Majaribio mengine yameonyesha kuwa majani ya miti mingi ya misitu hii hufyonza maji moja kwa moja yanapolowa.

Unyevu huo wa hewani umebadili hata namna ya kuzaa. Vyura wengi wa Andes hutaga mayai kwenye majani na magome yaliyolowa, na watoto hutoka wakiwa vyura kamili bila kupitia hatua ya kiluwiluwi. Vyura wa jenasi ya Nectophrynoides, wa milima ya Tanzania, wamekwenda mbali zaidi: jike huzaa watoto walio hai. Kwenye miteremko mikali ambako hakuna madimbwi yaliyotulia, huo ni ufumbuzi mzuri. Lakini kiumbe anayetegemea hewa yenye maji hana pa kukimbilia hewa ikikauka.

Mfano unaotajwa sana ni chura wa dhahabu wa Monteverde, Costa Rica, aliyeishi kwenye mgongo mmoja wa mlima na si penginepo. Mwaka 1987 walionekana zaidi ya 1,500 wakizaliana. Mwaka 1989 alionekana dume mmoja, na baada ya hapo hakuonekana tena. Ukame ulioletwa huko na El Niño (kupata joto kwa maji ya Bahari ya Pasifiki), ugonjwa wa kuvu wa ngozi na kupanda kwa mawingu vyote vimeshukiwa, na sioni haja ya kulazimisha kimoja kiwe peke yake.

Kupanda kwa mawingu ni hesabu rahisi. Kila nyuzi joto 1 inayoongezeka katika tofauti kati ya joto la hewa na kiwango cha joto ambacho mvuke huanza kugeuka matone, hupandisha kitako cha wingu kwa takriban meta 125. Dunia inayopata joto inasukuma upande huo, na ufyekaji wa misitu ya mabondeni pia. Mwaka 2001 mtafiti Robert Lawton na wenzake walionyesha kwamba wakati wa kiangazi mawingu yalijifanya vizuri juu ya nyanda zenye misitu za kusini mwa Nicaragua, lakini yalikuwa haba juu ya nyanda jirani za Costa Rica zilizofyekwa. Malisho hupasha hewa na kutoa mvuke kidogo, na upepo huipeleka hewa hiyo mlimani. Msitu wa juu unaweza kulindwa kwa uzio na askari, na bado ukakauka kwa kilichofanyika bondeni.

Kwenye Kilimanjaro tishio linatoka juu pia. Watu huzungumzia barafu, lakini mtafiti Andreas Hemp alieleza mwaka 2005 kwamba kwa upande wa maji, misitu ya mierika (miti ya jenasi Erica) inayoungua karibu na mpaka wa juu wa msitu ni hasara kubwa kuliko barafu inayoyeyuka. Miti hiyo, yenye majani membamba na kuvumwani kila tawi, hunasa ukungu vizuri. Mwerika ukiungua mara moja huweza kuchipua kutoka shinani. Moto ukirudi kabla haujakua, hubaki kichaka kifupi, na wingu hupita juu yake.