Si kila dume la elki hushushwa na theluji

Katika milima ya Rocky, Marekani, wawindaji wengi wamerithi imani kwamba theluji ya Novemba ikianguka, elki (wanyama wakubwa wa jamii ya kulungu) wote hushuka mabondeni, hivyo anayetaka dume mkubwa afuate tu kundi la majike. Ukweli wake ni nusu. Majike na ndama kwa kawaida hutangulia kushuka, lakini madume waliokomaa, wakiwa wamemaliza sehemu kubwa ya mafuta yao katika msimu wa kupandana wa Septemba na mwanzoni mwa Oktoba, hujitenga wawili watatu, au mmoja mmoja, wakitafuta mahali penye malisho na utulivu wasikolazimika kutembea sana. Miili yao mikubwa na miguu mirefu huwawezesha kustahimili theluji inayowashinda ndama, ingawa ikizidi kina nao hushuka.

Kwa hiyo darubini ielekezwe kwanza, alfajiri na jioni, kwenye miteremko mikali inayotazama kusini, ambako jua na upepo hufichua nyasi kavu, hasa palipo na msitu mnene wa kujipumzishia. Dalili huwa chache: nyayo pana, kinyesi kibichi, na theluji iliyofukuliwa kwa kwato. Naona ni kosa kubwa kuvamia mahali hapo kwa haraka, kwani dume akishtuka huweza kuvuka hadi bonde la pili.