Kuwapeleka Wanafunzi Kwenye Maonesho ya Sanaa ya Wenyeji wa Asili wa Australia

Ziara nyingi za shule kwenye majumba ya sanaa huharibika kwa jambo moja: vitu vingi, muda mchache. Watoto 30 wanagawiwa karatasi ya maswali 20, kisha wanakimbia kutoka lebo hadi lebo wakisaka majibu, wasiione hata picha moja. Chagueni kazi 4, zisizidi 5, na kila moja ipewe dakika 10 hadi 12. Ligawanyeni darasa katika makundi ya watoto 10 hadi 15, kila kundi lianzie kazi tofauti ili wasirundikane mahali pamoja. Mwalimu atangulie kwenda kuangalia peke yake wiki moja kabla, kwa sababu kazi aliyoipanga inaweza kuwa imeondolewa ili ifanyiwe matengenezo au imeazimwa na jumba jingine.

Walio karibu na Canberra, mji mkuu wa Australia, waanze na Aboriginal Memorial (Kumbukumbu ya Wenyeji), iliyomo National Gallery of Australia, jumba la sanaa la taifa. Ni magogo 200 yaliyopakwa rangi, mengine marefu kupita mita 3, kazi ya wasanii 43 wa Ramingining na maeneo jirani huko Arnhem Land, kaskazini mwa Australia. Ilikamilika mwaka 1988, Australia ilipokuwa ikisherehekea miaka 200 tangu Waingereza waje kulowea. Djon Mundine, aliyekuwa mshauri wa sanaa huko Ramingining, ndiye aliyetoa wazo: gogo moja kwa kila mwaka, kuwakumbuka Wenyeji waliokufa wakitetea ardhi yao.

Kwa desturi ya huko, mifupa ya marehemu hutiwa ndani ya gogo kama haya, lililokwisha kuliwa na mchwa likabaki na uwazi. Waambieni watoto mapema kwamba haya hayana mifupa. Msipowaambia, hakuna jingine litakalozungumzwa siku hiyo. Kisha wapitisheni katikati. Njia iliyoachwa humo inafuata mkondo wa mto Glyde wa huko Arnhem Land, na kila gogo limesimamishwa mahali panapolingana na ardhi ya ukoo wa msanii. Kila mtoto achague gogo moja tu, alitazame kwa dakika 3 bila kuandika. Ataona mistari myembamba iliyopishana, inayochorwa kwa brashi ya nywele chache ndefu, mstari mmoja mmoja. Kwenye baadhi atakuta kitundu kidogo: ni dirisha la roho kuchungulia nchi yake.

Picha za magome ya mkaratusi zinahitaji uangalizi zaidi. Gome hubanduliwa majira ya mvua, wakati utomvu unapanda, hupashwa moto na kukandamizwa hadi linyooke, ndipo linapakwa udongo wa rangi. Lakini halisahau kwamba lilikuwa duara. Unyevu ukibadilika linajikunja, na rangi hubanduka vipande vidogo vidogo. Ndiyo maana mabegi huachwa mlangoni, kalamu ya wino hairuhusiwi (penseli tu), na watoto husimama umbali wa kama mita 1.

Swali litakalokuja bila kukosa ni "hizi nukta maana yake nini?" Historia ya jibu lake imeanzia shuleni. Mwaka 1971, huko Papunya katika jangwa la kati, wazee walichora ukutani mwa shule hadithi ya sisimizi wa asali, mwalimu Geoffrey Bardon akiwahimiza. Baadaye wakahamia kwenye mbao na turubai. Picha za mwanzo zilionesha mambo ya ibada wazi mno, jamii nyingine zikalalamika, na wachoraji wakaanza kuyafunika, mara nyingi kwa nukta. Basi nukta nyingine zipo ili usione. Mtu aliyekulia penye jando na unyago ataelewa upesi: yapo yasiyosemwa mbele ya asiyepitia. Mtoto ajibiwe hivyo hivyo, asibuniwe maana. Wala msimgeukie mwanafunzi mwenye asili ya Wenyeji awaeleze wenzake. Akitaka kusema atasema mwenyewe. Mlangoni pia huwa na tangazo kwamba ndani mna majina na picha za waliofariki, jambo linalowaumiza jamaa zao. Lisomwe kabla ya kuingia.

Kosa la mwisho hufanyika darasani mkisharudi: watoto kuambiwa wachore mjusi au kangaruu wa nukta. Michoro ile ina wenyewe. Ukoo ndio wenye haki nayo, na msanii huipata kwa kurithi na kufundishwa. Mwaka 1994 mahakama ya Australia iliamua kesi ya mazulia yaliyofumwa Vietnam kwa michoro iliyonakiliwa bila idhini ya wasanii, na baadhi ya michoro hiyo ilikuwa imetolewa katika mkusanyo wa picha uliochapishwa kwa ajili ya elimu. Wasanii walishinda.

Badala yake, mpeni kila mtoto karatasi ya A3 na penseli. Achore mahali anapopajua kwa miguu yake, kana kwamba anapatazama kutoka juu: njia, bomba la maji, mti, nyumba ya bibi. Alama abuni mwenyewe, na ruhusa awe nayo ya kuacha moja bila kuieleza. Dakika 40 zinatosha.